Kumtafutia Mtoto Shule ya Awali Jijini Dar es Salaam: Mwongozo kwa Mzazi

Kila mwaka ifikapo Septemba, nguzo na kuta za Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Bunju, hujaa mabango yanayotangaza nafasi za masomo ya Januari. Mabango hayo hufanana sana: mtoto aliyevaa joho la mahafali, basi la njano, orodha ya huduma, namba mbili za simu. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na ingawa si haki kuihukumu kila shule inayojitangaza, mambo mengi yanayoandikwa kwenye bango ni yale ambayo mtoto mwenyewe hakutani nayo. Mtoto wa miaka mitatu au minne hajui jina la shule yake lina uzito gani mjini. Anachokijua ni saa aliyoamshwa, kiti alichokalia ndani ya gari, mtu mzima aliyemshika mkono alipolia, choo alichopelekwa, uji aliokunywa na saa aliyorudishwa nyumbani. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unamtaka mzazi aanze kwa kuipanga siku ya mtoto, halafu ndipo atafute shule inayoingia ndani ya siku hiyo bila kuivuruga.

Hatua ya kwanza: Tambua aina ya kituo kinachomfaa mtoto wa umri huo

Mitaani, mahali popote penye watoto wadogo na picha za katuni ukutani huitwa nasari, lakini serikali inasimamia aina mbili za vituo kwa sheria mbili tofauti. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, ambacho wengi hukiita dei kea, kinaendeshwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na leseni yake hutolewa na Kamishna wa Ustawi wa Jamii kupitia maofisa wa ustawi wa jamii walioko katika halmashauri. Darasa la awali ni sehemu ya mfumo wa elimu: husajiliwa na Wizara ya Elimu, hufuata mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania na hukaguliwa na wathibiti ubora wa shule. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, elimu ya awali ya lazima ni ya mwaka mmoja, na baada yake mtoto huanza darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 6.

Maana yake kwa mzazi ni kwamba mtoto wa miaka miwili au mitatu hajachelewa kitu. Desturi ya jijini ya kumpitisha mtoto beibi klasi, kisha midoklasi, ndipo aingie darasa la awali, ni mpango wa shule binafsi na wala si sharti la sera. Kama nyumbani yupo bibi mwenye nguvu, au dada anayezungumza na mtoto na kumtoa nje kucheza, mwaka mmoja wa kusubiri haumpunguzii mtoto chochote. Kama baba na mama wote wanatoka alfajiri na mtoto anashinda mbele ya televisheni, kituo kizuri ni msaada mkubwa, ila mzazi akubali kwamba anacholipia wakati huo ni malezi, na akipime kituo hicho kwa malezi yake. Wako pia wazazi ambao kwa sababu ya kazi za safari hufikiria bweni. Wafahamu kwamba tangu Machi 2023 serikali ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu.

Mkishajua aina ya kituo mnachokitaka, ulizeni usajili mapema, kabla moyo haujapenda mahali. Omba kuona cheti chenye namba, na usiridhike na jibu kwamba usajili unaendelea. Huenda ni kweli unaendelea, lakini jambo hilo huthibitishwa na Afisa Elimu Kata kwa upande wa shule, na ofisi ya ustawi wa jamii kwa upande wa dei kea, iwe ni katika manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni au katika Halmashauri ya Jiji kwa wakazi wa Ilala. Soma pia cheti hicho ni cha nini hasa. Vipo vituo vyenye leseni ya kulea watoto mchana ambavyo vimejiongezea darasa la awali, na hata la kwanza, kwa kubandika tu kibao kipya mlangoni.

Hatua ya pili: Piga hesabu ya saa za mtoto

Chukua karatasi uandike saa za siku moja ya kawaida ya mtoto, kuanzia kuamka hadi kulala, ukiingiza shule unayoifikiria. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2019, linaeleza kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Tuchukue mfano wa familia inayoishi Chanika na shule iliyoko Upanga. Gari la shule linapita saa 11:30 alfajiri, kwa hiyo mtoto anaamshwa saa 11:00. Ili apate hizo saa 10 ambazo ndizo za chini kabisa, anapaswa awe amelala saa 1:00 jioni, wakati ambapo wazazi wake bado wamekwama kwenye foleni ya Gongo la Mboto na hawajamwona tangu asubuhi. Kinachotokea kwa vitendo ni kwamba mtoto anawasubiri, analala saa 3:00 usiku, anaamshwa akiwa na saa nane tu za usingizi, anamalizia usingizi wake kwenye kiti cha gari shingo ikiwa imepinda, na mwalimu anampokea mtoto aliyechoka kabla siku haijaanza. Baada ya miezi miwili mzazi anaitwa shuleni kuelezwa kwamba mtoto hana usikivu.

Ushauri wangu ni kwamba safari ya mtoto wa umri huu isizidi nusu saa, na nusu hiyo ipimwe asubuhi ya Jumatatu, kwa usafiri uleule mtakaoutumia. Jumamosi saa tano kila shule ya Dar es Salaam iko karibu. Wapo wanaochagua shule iliyo jirani na kazini kwao ili wampeleke na kumchukua wenyewe, na mpango huo hufaa kwa mwenye usafiri wake na mwajiri mwelewa. Kumpandisha mtoto wa miaka mitatu mwendokasi ya Kimara saa 12:30 asubuhi, kila siku, ni mpango ambao hudumu wiki chache tu. Kwa familia nyingi shule inayofikika kwa miguu, hata kama haina jina, ndiyo inayompa mtoto usingizi wake, kifungua kinywa chake cha nyumbani na mtu wa kumfuata upesi akipandwa na homa.

Katika hesabu hiyo ingiza mambo mawili ambayo husahaulika. La kwanza ni chuo: kama mtoto anakwenda madrasa jioni, shule inayomrudisha saa tisa inamwachia mtoto siku isiyo na mchezo hata kidogo, na yafaa zaidi atafutiwe shule inayotoka kabla ya adhuhuri. La pili ni masika. Kati ya Machi na Mei, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani maji ya Msimbazi yanapojaa, na mitaa iliyo kando ya mito kama Mlalakua na Tegeta hukatika. Waulize wakazi wa jirani na shule, si shule yenyewe, maji hupita wapi na hufika wapi.

Hatua ya tatu: Andika shule chache, na ya serikali iwemo

Shule tatu au nne zinatosha. Walio bora kuwauliza ni wazazi ambao watoto wao walipita pale na sasa wako darasa la pili au la tatu, kwa kuwa hao wameshaona matokeo na hawana tena sababu ya kuitetea shule wanayoilipia. Mwingine wa kumuuliza ni mwenye genge la mbele ya geti, au vijana wa kijiwe cha bodaboda kilicho hapo. Hao wanajua watoto hutoka saa ngapi, nani huchelewa kuchukuliwa, na kama mlinzi husinzia.

Wazazi wengi wa kipato cha kati huifuta shule ya msingi ya serikali kabla ya kuitembelea. Tangu mwaka 2016 elimu ya awali katika shule hizo haina ada, mwalimu wake kwa kawaida amesomea ualimu, na mara nyingi iko mtaa uleule. Tatizo lake linajulikana: kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na katika shule nyingi za jiji darasa la awali huzidi idadi hiyo kwa mbali. Hata hivyo shule hazilingani. Nenda uulize darasa la awali lina watoto wangapi, kama lina mwalimu wake au huazimwa mwalimu wa darasa jingine, na kama watoto wana choo chao. Majibu yakiwa mazuri, umepata shule bila gharama kubwa, na fedha mlizotenga mnaweza kumpa mtoto vitabu na chakula bora.

Kwa mtoto mwenye ulemavu au usonji, anza na shule zenye vitengo na walimu wa mahitaji maalumu, kama vile Uhuru Mchanganyiko na Msimbazi Mseto zilizoko Ilala, ujue zinapokea watoto wa umri gani, kisha uulize shule za karibu na nyumbani zinaweza kumpokea kwa masharti gani.

Hatua ya nne: Tembelea saa nne asubuhi

Siku ya wazi ya shule ina maputo, muziki na walimu waliopiga pasi. Hiyo haikuambii kitu. Omba kwenda siku ya kawaida, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, ambapo watoto wamekwisha kuchoka kidogo, uji umegawiwa na joto limeanza kupanda. Shule inayokataa kabisa mzazi asiingie darasani hata kwa dakika 20, mwalimu mkuu akiwepo, imeshakujibu. Shule inayokuomba ukae nyuma, usipige picha za watoto wa wenzako na usizungumze na mwalimu wakati anafundisha, hiyo inajua kazi yake.

Kaa kwenye kiti kidogo ili macho yako yawe usawa wa macho ya watoto, kisha hesabu: watu wazima wangapi, watoto wangapi. Mwalimu mmoja na msaidizi kwa watoto 20 hadi 25 ni hali nzuri. Baada ya hapo acha kuangalia kuta, mwangalie mwalimu. Subiri litokee jambo dogo, maana halikosi kutokea. Kikombe cha uji kitamwagika. Tazama kinachofuata: kuna mwalimu anayepaza sauti mpaka darasa zima linageuka, na mtoto anabaki ameinamisha kichwa huku uji ukimchuruzika miguuni, na kuna mwalimu anayechukua kitambaa, akampa mtoto kitambaa cha pili, wakafuta pamoja, na kabla hawajamaliza mtoto ameshaanza kumsimulia habari za paka wao. Dakika hiyo moja inaeleza mengi kuliko vyeti vilivyotundikwa ofisini.

Kisha omba kuona daftari. Chukua la mtoto yeyote wa darasa analoingia mwanao na ulipitie kutoka ukurasa wa mwanzo. Ukikuta kurasa na kurasa za herufi moja iliyonakiliwa kutoka ubaoni, mstari wa kwanza ukiwa na mwandiko ulionyooka wa mwalimu na mistari inayofuata ikizidi kuporomoka mpaka chini, na juu ya yote vema nyekundu ileile, ujue watoto hao hutumia asubuhi kukaa. Vidole vya mtoto wa miaka minne bado havijakomaa kushika penseli kwa muda mrefu; vinakomazwa kwanza kwa kufinyanga udongo, kukata, kufunga vifungo, kutunga shanga na kuchora ovyo. Mtaala wa elimu ya awali wenyewe unasisitiza michezo, na unataka darasa liwe na kona za kujifunzia: kona ya vitabu, ya hisabati, ya nyumbani, ya sanaa. Shule nyingi zinazo kona hizo. Cha kuchunguza ni kama zinatumika. Visoda vya kuhesabia vilivyochakaa, vitabu vyenye kona zilizokunjika na mwanasesere aliyekatika mkono ni dalili njema. Midoli mipya iliyofungwa kwenye nailoni juu ya kabati, mahali ambapo mtoto hawezi kufika, ipo kwa ajili yako wewe mgeni.

Hapa niseme neno kuhusu shule zinazojiita Montessori, ambazo jijini ni nyingi. Njia hiyo ilianzishwa na daktari wa Italia, Maria Montessori, aliyefungua kituo chake cha kwanza Roma mwaka 1907, na inafuatwa kwa umakini na baadhi ya shule nchini, zikiwemo zinazoendeshwa na masista. Lakini jina hilo halina mlinzi, na shule yoyote inaweza kulibandika getini. Kipimo chake ni rahisi: uliza walimu wangapi wamesomea njia hiyo, kisha uangalie kama watoto huchagua wenyewe vifaa kutoka rafu za kimo chao na kufanya kazi mmojammoja au wawiliwawili. Ukikuta wote wamepangwa kwa mistari wakiimba "a, e, i, o, u" kumfuata mwalimu, jina limebaki getini.

Kabla hujatoka, pita maeneo ambayo hukutembezwa. Choo kiwe cha watoto wadogo peke yao, kisichotumiwa na wanafunzi wakubwa, chenye maji, sabuni na mlango ambao mtoto anaweza kuufungua kutoka ndani. Muulize msaidizi, si mkuu wa shule, nani humpeleka mtoto chooni. Jibu linapaswa kuja mara moja na liwe na jina la mtu. Kagua mifuniko ya chemba, karo na tenki la maji la chini ya ardhi, ikanyage kwa mguu wako. Angalia kama chumba chenye madirisha ya nondo kina mlango wa pili wa kutokea moto ukitokea. Angalia paa: bati bila dari mwezi wa Januari ni adhabu. Uwanjani, chunguza yale matairi yaliyopakwa rangi ambayo watoto huyachezea. Yakiwa hayajatobolewa wala kujazwa mchanga, hutunza maji ya mvua, na maji hayo ni mazalia ya mbu waenezao homa ya dengi, ambao huuma mchana. Ugonjwa huo ulilikumba jiji mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mwalimu mkuu anayejua kwa nini matairi yake yametobolewa ni mtu wa kumwamini katika mambo mengine pia.

Hatua ya tano: Kaa na mwalimu mkuu

Maswali yasiwe mengi. Uliza mtoto akikosea anafanywa nini, na usikilize kama jibu lina mfano ndani yake au ni maneno ya jumla. Kanuni za mwaka 2002 za adhabu ya viboko zinatoa mamlaka hayo kwa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwa makosa makubwa tu na kwa idadi isiyozidi viboko vinne. Mtoto wa miaka minne hana kosa linaloweza kuingia humo, na fimbo ukiiona imeegemezwa pembeni ya ubao wa darasa la awali, safari yako imeishia hapo. Uliza walimu wa awali wamekaa shuleni kwa muda gani, kwa kuwa mtoto anayebadilishiwa mwalimu kila muhula huanza kuzoea upya kila mara. Uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto na hutambuliwa vipi, na akiugua saa sita mchana anapigiwa simu nani na kulazwa wapi. Shule iliyo makini itakuuliza na wewe: itataka cheti cha kuzaliwa, itataka kuona kadi ya kliniki kama mtoto alipata chanjo zake, zikiwemo mbili za surua na rubela za miezi 9 na miezi 18, na itauliza kama ana mzio au degedege.

Usaili wa mtoto wa miaka mitatu, ambapo anatakiwa kutaja rangi kwa Kiingereza mbele ya mtu asiyemjua, hupima woga wake tu. Shule inayoutumia kumkataa mtoto haijui kazi ya kulea.

Suala la lugha linahitaji uamuzi wa mapema, kwa sababu linafungamana na darasa la kwanza. Shule za serikali hufundisha awali na msingi kwa Kiswahili, zikiwa na chache za mchepuo wa Kiingereza, na shule binafsi nyingi ni za mchepuo huo. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani hujifunza kusoma na kuhesabu kwa wepesi zaidi akianzia lugha anayoielewa, na hilo halimzuii kujifunza Kiingereza kwa nyimbo, hadithi na mazungumzo. Kama mmeamua atasoma msingi kwa Kiingereza, tafuteni shule ambayo mwalimu wake anakizungumza vizuri na wakati huohuo anaruhusu mtoto aombe maji, aseme tumbo linauma au aeleze aliyempiga kwa Kiswahili. Mtoto aliyekatazwa lugha yake hunyamaza, na mtoto anayenyamaza hawezi kukusimulia yaliyompata shuleni.

Hatua ya sita: Kagua gari

Kama mtoto atapanda gari la shule, likague siku ile ile. Ajali ya Mtwara ya Julai 2022, ambapo gari la wanafunzi liliingia shimoni na kuua watoto, iliwakumbusha wengi kwamba gari ni sehemu ya shule. Gari liwe na kibali cha kubeba wanafunzi kutoka LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, kila mtoto awe na kiti chake, na awepo mtu mzima wa pili mbali na dereva, ambaye anashuka kumpokea na kumkabidhi mtoto mkononi mwa mtu na kukagua viti vyote kabla gari halijafungwa. Uliza mtoto wako atakuwa wa ngapi kwenye ruti. Anayechukuliwa wa kwanza na kurudishwa wa mwisho anaweza kuzunguka jiji saa tatu kwa siku huku shule ikiwa umbali wa kilomita sita. Bodaboda iachwe kabisa: kanuni zinakataza kubeba mtoto wa chini ya miaka 9, na tukio la kawaida la asubuhi la watoto watatu wamebanwa kati ya dereva na tenki la mafuta halibadilishi ukweli huo.

Hatua ya saba: Jumlisha gharama ya mwaka mzima

Ada inayotajwa kwenye simu ni sehemu tu. Omba karatasi yenye gharama zote, kisha ujumlishe mwenyewe: fomu, ada, chakula, usafiri, sare na sweta, sare ya michezo, mitihani, bima kama ipo, ziara, na vile vifaa vya kila muhula, yaani rimu ya karatasi, tishu, sabuni ya maji na penseli za rangi. Ongeza mahafali, ambayo kwa mtoto wa miaka mitano huweza kuja na kukodi joho, picha na mchango wa chakula. Gawa jumla hiyo kwa miezi 12 uone kama mnaweza kuihimili hata mwezi ambao kodi ya nyumba inadaiwa, maana kumhamisha mtoto katikati ya mwaka kwa kushindwa ada humuumiza kuliko kuanza shule ya bei nafuu. Lipa kwenye akaunti ya shule, kamwe si kwenye namba ya simu ya mtu, na uulize kwa maandishi fedha hurudishwa kwa utaratibu gani mtoto akiondoka.

Hatua ya nane: Wiki za mwanzo

Mtoto kulia getini kwa wiki mbili za kwanza ni jambo la kawaida. Muage waziwazi, mwambie nani atamfuata na baada ya nini ("baada ya kula na kulala kidogo, bibi atakuja"), kisha uondoke. Kutoroka akiwa ameangalia pembeni humfundisha kutokukuamini. Mwombe mwalimu akujulishe mtoto alinyamaza baada ya dakika ngapi. Zikipungua siku hadi siku, anazoea.

Dalili za kutia wasiwasi ni nyingine: mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena na ikaendelea kwa wiki kadhaa, kuogopa choo, kurudi na njaa kila siku, kumtaja mtu fulani kwa hofu, au kukataa kuguswa anapoogeshwa. Kwa mambo ya chakula, msongamano na ufundishaji, zungumza na mwalimu mkuu, na usiporidhika nenda kwa Afisa Elimu Kata au ofisi ya uthibiti ubora wa shule ya wilaya. Kwa dei kea, nenda ustawi wa jamii. Ukihisi mtoto amefanyiwa ukatili, usianzie shuleni wala usimwulize maswali mengi. Mfikishe hospitali bila kumwogesha wala kufua nguo alizovaa, toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo haina malipo.

Kama tatizo si la hatari bali shule haimfai tu, subirini mwisho wa muhula, wa Juni au wa Desemba, ili aingie shule mpya pamoja na watoto wengine wapya. Toeni taarifa kwa maandishi mapema kama mkataba unavyotaka, ombeni barua ya uhamisho pamoja na kumbukumbu za maendeleo yake, na mwacheni aage walimu na wenzake.